Kiswahili Juu ya Majalada ya Santuri za Jazi

Kinama ni mtaa wa kaskazini mwa Bujumbura, jirani wa Kamenge na Cibitoke. Mtoto wa Kinama hajifunzi Kiswahili kwanza kitabuni. Hukisikia sokoni, gerejini, msikitini na katika kiwanja cha mpira, kikiwa kimechanganyika na Kirundi na Kifaransa, naye hukisema kabla hajajua kwamba kina sarufi. Kwa sababu hiyo hiyo wako watu wengi mjini wanaokidharau na kukiita lugha ya wachuuzi. Dharau hiyo ni ya zamani. Wajerumani, waliotawala nchi hii hadi mwaka 1916, walikitumia Kiswahili katika kazi za serikali. Chini ya Wabelgiji shule zilifuata Kirundi na Kifaransa, na Kiswahili kikabaki katika mitaa ya mji kama Buyenzi. Siku hizi kinasomeshwa shuleni, na Burundi imo katika Jumuiya ya Afrika Mashariki tangu mwaka 2007, lakini sisi tunaokifundisha bado twaulizwa na wanafunzi, wengine kwa kejeli: Mwalimu, lugha hii ya sokoni imewahi kufika wapi?

Jibu moja tulilipata mahali ambapo hatukulitafuta. Jumapili moja tulikaribishwa katika ua wa mwalimu mwenzetu huko Kinama, ambako wapenzi wachache wa muziki wa jazi hukutana. Desturi yao ni rahisi. Kila mmoja huja na albamu moja aliyokuwa akiisikiliza wiki ile, huipiga mbele ya wenzake, kisha hueleza kwa nini nao waitafute. Maelezo yote hutolewa kwa Kiswahili. Asiyeweza kuwataja wapigaji na vyombo vyao huambiwa aketi, aje tena wiki ijayo akiwa amejitayarisha.

Aliyeanza siku ile alikuwa mzee mmoja mwenye kofia, aliyeleta nyimbo za Morogoro Jazz. Hakuleta santuri, maana hana hata moja. Mwaka 1995, vita vilipoingia katika mitaa ya kaskazini, wakazi wa Kinama na Kamenge walihama kwa maelfu, naye alitoka na watoto na godoro. Santuri zilibaki ndani ya nyumba, na aliporudi hakuikuta hata nyumba. Basi nyimbo alizileta ndani ya simu ya mjukuu wake, na simu ikawekwa ndani ya sufuria tupu ili sauti ikue. Akatueleza jinsi santuri ndogo za zamani zilivyokatisha wimbo katikati: ulisikiliza maneno upande wa kwanza, kisha ukainuka kugeuza santuri ndipo uyapate magitaa yenyewe. Akamsifu Mbaraka Mwinshehe, aliyekwenda Japani na bendi yake katika maonyesho ya Osaka ya mwaka 1970, na aliyefariki kwa ajali ya gari huko Mombasa mwezi wa Januari 1979.

Kijana mmoja, mwanafunzi wa chuo, akanyosha mkono. "Samahani, Mzee. Muziki huu ni mtamu, lakini si jazi. Ni rumba. Neno lile limewekwa kwa urembo tu."

Hapo pakazuka mabishano ambayo yangefaa darasa zima la historia. Neno hilo lilipigwa chapa kwenye santuri kwa mara ya kwanza huko Marekani mwaka 1917, tena wakati huo likiandikwa kwa s mbili badala ya z mbili. Baada ya Vita Kuu ya Kwanza lilienea duniani pamoja na gramafoni, na maana yake ilikuwa pana kuliko ilivyo leo: bendi yoyote ya dansi yenye ngoma za kisasa na vyombo vya kupuliza iliweza kuitwa jazi. Kwetu Afrika ya Mashariki vijana wa mijini walikuwa tayari wamezoea beni, ngoma ile ya gwaride na tarumbeta iliyosambazwa bara na askari na wapagazi. Waliponunua magitaa na kuanzisha bendi za dansi, walichukua neno lililokuwa likimaanisha mambo mapya ya mjini. Dar es Salaam Jazz ilianzishwa mwaka 1932, Morogoro Jazz mwaka 1944. Ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, katika nchi ya Kongo, Joseph Kabasele aliunda African Jazz mwaka 1953, na OK Jazz ya akina Franco ikafuata mwaka 1956, herufi zake mbili zikitokana na baa ya Oscar Kashama ambamo ilizaliwa. Wapigaji hawa hawakudanganyika kuhusu walichokuwa wakipiga. Walijua fika kwamba midundo yao ilitokana kwa sehemu kubwa na santuri za Kuba, zilizouzwa Afrika tangu miaka ya 1930. Neno jazi kwao lilikuwa kama neno "shirika" au "umoja" mbele ya jina la chama: lilieleza ni kundi la namna gani, halikueleza mahadhi.

Kwa maoni yetu mzee alikuwa na haki zaidi, lakini tusimwonee kijana, kwa kuwa njia hizo mbili hazikuwa mbali kama alivyodhani yeye wala kama alivyodhani mzee. Manu Dibango wa Kamerun, aliyejifunza jazi ya Kimarekani akiwa Ulaya, alikutana na Kabasele mjini Brussels, akaenda naye Kinshasa, wakati huo ikiitwa Léopoldville, mwaka 1961 kupiga saksafoni katika African Jazz. Na mwaka mmoja kabla ya hapo Louis Armstrong mwenyewe alifika mji huo, akabebwa juu ya kiti kama mfalme. (Walimu wenzetu watakumbuka pia kwamba Kiswahili kilikuwa na "jazi" yake ya asili, kitenzi cha kulipa kwa wema, kama tunapomwombea mtu Mungu amjazi heri. Mzee alilifurahia jambo hili kupita kiasi.)

Zamu ya kijana ilipofika tulitazamia atuletee kitu cha kumnyamazisha mzee. Alileta albamu ya Herbie Hancock, mpiga piano wa Marekani, iliyotolewa mwaka 1971. Akainua picha ya jalada lake tuione, na ua mzima ukanyamaza kweli, lakini si kwa sababu aliyoitaka yeye. Jina la albamu ni Mwandishi.

Wapigaji sita wa bendi hiyo walijitwalia majina ya Kiswahili, nayo yameandikwa kwenye jalada kando ya majina yao ya kuzaliwa. Hancock ndiye Mwandishi. Eddie Henderson wa tarumbeta ni Mganga. Buster Williams wa besi ni Mchezaji. Billy Hart wa ngoma ni Jabali. Bennie Maupin, mpiga zumari na filimbi, ni Mwile, na Julian Priester wa tromboni ni Pepo Mtoto. Kijana alikuwa ameisikiliza albamu hiyo kwa miezi bila kufikiri kwamba maneno yale ni yale yale ya mama yake.

Hapo sisi walimu tulishindwa kujizuia. Jabali kwa mpiga ngoma hakuna wa kulikosoa. Mganga nalo limekaa vizuri, kwani Henderson alikuwa daktari wa hospitali kwa shahada, si kwa tarumbeta tu. Mwandishi lilikusudiwa kuwa mtunzi wa muziki, nasi tungesema mtunzi. Lakini mtunzi naye huandika, basi lipite. Mchezaji ndilo linalofundisha zaidi. Kwa Kiingereza kitenzi kimoja hutumika kwa mpira na kwa piano, kwetu mpira huchezwa na piano hupigwa. Aliyemwita Williams mchezaji alifungua kamusi akachukua neno la kwanza, na Mswahili akilisikia atamtafutia jezi. Mwile bila shaka ni mwili uliopotewa na irabu yake. Ama Pepo Mtoto, mama mwenye nyumba, aliyekuwa akipitisha chai, aliuliza kama mtu huyo alikwisha kupungwa.

Tulicheka, lakini haifai kuishia hapo. Majina hayo yalitolewa na kijana wa Philadelphia aliyejiita Mtume, mwana wa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Mtume alikuwa mfuasi wa Maulana Karenga, ambaye huko California alianzisha sikukuu ya Kwanzaa mwaka 1966 na kuipa misingi saba, yote kwa Kiswahili: umoja, kujichagulia, ujima, ujamaa, nia, kuumba na imani. Mababu wa Wamarekani hao wengi walichukuliwa kutoka Afrika ya Magharibi na Kongo ya pwani, wala hawakusema Kiswahili. Walikichagua. Walitaka lugha isiyokuwa ya kabila moja, lugha ambayo wakati ule ilikuwa ikisikika katika hotuba za uhuru za Tanganyika na Kenya. Tendo hilo lina uzito wake: watu walionyang'anywa majina yao walipotaka kujipa mengine, walikuja kwenye lugha ambayo mtoto wa Kinama huionea haya mbele ya wageni.

Wala Hancock hakuwa wa kwanza. Mwalimu mwenyeji wetu alikuwa ameweka albamu yake mwisho kwa makusudi. Ni Uhuru Afrika ya mpiga piano Randy Weston, iliyorekodiwa New York mwezi wa Novemba 1960, bendi ikipangiwa sauti zake na Melba Liston. Mshairi Langston Hughes aliandika maneno ya kuusifu uhuru, na Mtanganyika mmoja aliyekuwako New York, Tuntemeke Sanga, akayasema kwa Kiswahili mwanzoni kabisa mwa santuri, juu ya ngoma. Weston alitaka Wamarekani waisikie lugha ya Kiafrika ikinena mambo mazito, baada ya kuzoezwa na filamu za Tarzani kudhani kwamba Waafrika hutoa sauti tu. Serikali ya ubaguzi ya Afrika Kusini ilielewa vizuri. Mwaka 1964 iliipiga marufuku albamu hiyo. Tuzihesabu tarehe: Tanganyika ilipata uhuru wake Desemba 1961, Burundi Julai 1962. Neno hilo la Kiswahili lilikwisha kuchongwa katika santuri ya jazi huko New York wakati mji wetu ulipokuwa bado ukiitwa Usumbura na bendera ya Ubelgiji ikipepea.

Sauti ya Sanga ilipotoka ndani ya sufuria, mzee alivua kofia. Aliomba irudiwe, kisha irudiwe tena, na mara ya tatu akawa anamsahihisha mjukuu wake aliyejaribu kuifuatisha. Kijana wa chuo aliandika jina la albamu katika daftari lake; chini yake, kwa herufi ndogo, akaandika Morogoro Jazz. Mzee aliliona, lakini hakusema kitu. Zamu ya Jumapili iliyofuata ilipangwa palepale: mzee alipewa Hancock aende kumsikiliza, naye akakubali kwa sharti kwamba jina la Mwile lisahihishwe kwanza.