Usipoziba Ufa: Habari za Vijana, Walezi na Nyumba za Wajane katika Nchi za Ngara na Biharamulo

Jubilei ni wakati wa kuhesabu. Watu huhesabu makanisa yaliyojengwa, shule zilizofunguliwa, na watoto waliobatizwa. Na hesabu hizo ni halali, kwa kuwa zimeandikwa katika daftari za misheni. Walakini iko kazi nyingine ambayo haikuandikwa sana, nayo ni ile ya kuezeka paa la mjane kabla ya mvua za vuli, kukandika ukuta wa mzee asiye na mtoto, na kuchimba mtaro ili maji yasile msingi wa nyumba yake. Kazi hiyo mara nyingi hufanywa na vijana. Tena vijana hao hawaendi peke yao. Yupo mtu mzima, mwanamume au mwanamke, atembeaye nao kwenda na kurudi. Yafaa tueleze habari za kazi hii na za mlezi huyo.

Hapo kale, katika nchi za Wahangaza, Washubi na Wasubi, watu walikaa katika nyumba za msonge zilizoezekwa kwa nyasi. Nyumba ya namna hii haidumu miaka mingi, maana mchwa hula fito, na mvua huozesha nyasi. Kwa hiyo kutengeneza nyumba hakukuwa jambo la ajabu, bali la kila kiangazi. Mtu aliwaita majirani, wakakata nyasi, wakaezeka, na jioni wakanywa pombe ya ndizi pamoja. Desturi hiyo ilikuwa njema, illa ilikuwa na upungufu mmoja: mwenye kuita watu alipaswa kuwa na kitu cha kuwapa. Mjane asiye na migomba ya kutosha alikuwa wa mwisho kuezekewa, na pengine mvua ilimkuta bado.

Dini ya Kikristo ilipofika iliukuta upungufu huo. Mapadre Weupe walianza misheni yao ya Kashozi, karibu na Bukoba, katika mwaka 1892, na baadaye kazi yao ikaenea kusini hata Biharamulo na Ngara. Wamisionari wa Kianglikana wa CMS kutoka Australia nao walifanya kazi Katoke, mahali pa kufundishia walimu, na Murgwanza, mahali pa hospitali. Pamoja na kusoma na kuandika, vijana katika misheni walijifunza kazi za mikono, kama uashi na useremala. Basi wakapatikana vijana wenye ufundi, na likaja neno la kuwatunza wajane na yatima lisilongoja malipo. Mambo hayo mawili yalipokutana, kazi yetu ilipata asili yake.

Miaka ikapita, na makanisa yakapata mipaka yao. Jimbo Katoliki la Rulenge lilipata jina hilo katika mwaka 1960, na tangu mwaka 2008 laitwa Rulenge-Ngara. Dayosisi ya Kagera ya Kanisa Anglikana iliundwa katika mwaka 1985. Lakini jambo lililogusa zaidi nyumba za watu lilitokea kati ya miaka hiyo.

Katika mwezi wa Novemba 1973 serikali ilitangaza ya kwamba watu wote wa Tanzania wakae katika vijiji kabla ya mwisho wa mwaka 1976. Ngara na Biharamulo, zilizokuwa wakati ule katika Mkoa wa Ziwa Magharibi, zilihusika pia. Watu waliacha nyumba zao za zamani, wakajenga nyingine upesi, na nyumba ijengwayo upesi hupata nyufa upesi. Aliyeumia zaidi ni yule asiyekuwa na mikono ya kumsaidia.

Wakati huo Askofu wa Rulenge alikuwa Christopher Mwoleka, aliyeshika kazi hiyo tangu mwaka 1969 hata 1996. Yeye hakuhubiri ujamaa akiwa mbali; alikwenda kukaa na kufanya kazi pamoja na watu katika kijiji cha ujamaa. Tena alikuwa miongoni mwa maaskofu waliosisitiza sana jumuiya ndogo ndogo za Kikristo, ambazo maaskofu wa Afrika ya Mashariki walizifanya kuwa shabaha ya kazi yao katika mikutano ya mwaka 1973 na 1976. Na tuangalie maana yake kwa habari ya nyumba. Parokia ni kubwa. Padre hawezi kujua paa la nani linavuja. Bali jumuiya ya nyumba chache hujua. Hujua nani ameteketeza kuni zake zote kwa kujikausha, na nani husogeza kitanda kila mvua inaponyesha. Kwa hiyo swali la kwanza la kazi hii, yaani twende kwa nani, hujibiwa na majirani.

Kisha likaja jaribu lililo kubwa kuliko yote. Tarehe 28 na 29 Aprili 1994 watu wapata 250,000 walivuka daraja la Rusumo kutoka Rwanda wakaingia Ngara, kwa muda wa siku moja tu. Kambi ya Benaco ikawa kama mji mkubwa uliozaliwa usiku mmoja. Wageni walihitaji kuni za kupikia na miti ya kujengea vibanda, na misitu ya kando ikakatwa. Hata walipokwisha kurudi kwao, mwezi wa Desemba 1996, miti haikurudi pamoja nao. Bibi kizee aliyeweza zamani kupata fito na nguzo karibu na shamba lake sasa alipaswa kuzifuata mbali au kuzinunua. Nasi tulijifunza hapo mambo mawili: kwamba jirani aweza kuwa mtu usiyejua jina lake, na kwamba ukarimu una gharama, na mara nyingi gharama hiyo humwangukia maskini aliye kimya.

Kazi hii haiko kwetu tu. Baada ya vita vikuu vya kwanza, katika mwaka 1920, Pierre Ceresole, mtu wa Uswisi, aliongoza watu wa mataifa mbalimbali kwenda kijiji cha Esnes, karibu na Verdun nchini Ufaransa, ili wajenge makao kwa watu ambao nyumba zao zilibomolewa. Kati yao walikuwamo Wajerumani, na wenyeji, ambao majeraha yao yalikuwa mabichi, hawakuweza kuwavumilia. Baada ya miezi michache kundi likaondoka. Nia ilikuwa njema, mikono ilikuwa tayari, lakini mioyo ya wenye nyumba ilikuwa bado kuulizwa. Huko Marekani, katika mwaka 1969, mchungaji wa Kimethodisti, Tex Evans, aliwachukua watu wapata 50, wengi wao vijana, kwenda milima ya Kentucky, wakatengeneza nyumba nne za maskini. Kazi hiyo ilikua, na hata leo vijana huenda huko pamoja na watu wazima wao. Evans alisisitiza ya kwamba mwenye nyumba apokelewe kama alivyo, pasipo kuhukumiwa.

Kutoka katika habari hizi twaweza kujua mlezi wa vijana ana kazi gani. Kwanza, yeye humwendea mwenye nyumba kabla ya vijana kufika, akamwuliza, wala si kumwarifu tu. Labda paa si shida yake kubwa. Labda ni mlango usiofungwa, nayo yaogopa usiku. Pili, yeye humtafuta fundi. Kenchi iliyopigwa vibaya huangusha bati, na bati lililoanguka huua. Tatu, yeye huwalinda vijana. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 yasema kila aliye chini ya miaka 18 ni mtoto, na yakataza kumpa kazi ya hatari. Kwa hiyo juu ya paa apande fundi na wakubwa, na wadogo wachote maji, wakanyage udongo, wapitishe nyasi na misumari. Wasichana wawe na mama mlezi wao, na mahali pao pa kulala pawe mbali na pa wavulana. Majina yaandikwe, wazazi watoe ruhusa, na jioni mlezi ahesabu watu kama mchungaji ahesabuvyo kondoo. Nne, yeye huhakikisha ya kwamba chakula cha vijana hakitoki katika chungu cha mjane. Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Vijana wetu na washike jembe tangu siku ya kwanza.

Wako wasemao: fedha za gari na chakula zingetosha kumlipa fundi mmoja, naye angemaliza kazi upesi na vizuri zaidi. Neno hili si la upuuzi, na mwalimu asilijibu kwa hasira. Ni kweli ya kwamba kundi la vijana thelathini katika ua mdogo laweza kuvunja kuliko kutengeneza. Ikiwa safari ni ya kupiga picha na kuimba tu, heri fundi. Lakini fundi akiisha kulipwa huenda zake. Kijana aliyekandika ukuta wa mzee, akala mahindi ya kuchoma pamoja naye na kusikia habari za nchi zamani, hawezi tena kupita mbele ya nyumba ile asimsalimu. Mvua ya kwanza inaponyesha humkumbuka. Basi faida ya pili ya safari haionekani siku ile. Yaonekana mwaka ufuatao, kijana huyo anaporudi peke yake, bila gari, kutazama kama mtaro umeziba.

Kwa sababu hiyo twashauri safari ziwe fupi na za karibu kuliko ndefu na za mbali. Jumuiya ichague nyumba moja au mbili katika kiangazi, kati ya Juni na Agosti, shule zinapofungwa na udongo unapokauka vizuri. Isiache nyumba nusu, maana paa lililofunguliwa lisifungwe ni baya kuliko lililovuja. Na Wakatoliki, Waanglikana na Walutheri wa kijiji kimoja wakiweza kushika kazi pamoja, na waishike. Mvua haiulizi mtu dini yake.

Wahenga wetu walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Walimu, waambieni vijana neno hili, kisha tokeni pamoja nao, mkiwa na majembe, ndoo na daftari la majina, mkatafute ufa ulioko karibu.