Mtangawizi

Tangawizi tunayoitia kwenye chai ni shina nene linalotambaa chini ya udongo. Mmea wenyewe ni mtangawizi, kama vile karafuu ilivyo na mkarafuu wake. Kwa kuwa shambani tunajali kile cha kuchimbwa, neno hili tumeliacha likachakaa, na mbele ya ua la bustanini lisilotiwa chunguni tunakosa la kusema. Mimi naona tulirudishe: mtangawizi mwekundu, mtangawizi mweupe, mitangawizi ya uani.

Ule mwekundu, kwa wataalamu Alpinia purpurata, asili yake ni visiwa vya magharibi mwa Pasifiki. Kinachong'aa si ua. Ni vijani vigumu vilivyopandana. Ua halisi ni dogo, jeupe, linachungulia katikati yake na kunyauka upesi. Tafadhali usikate vichwa vyote vilivyozeeka! Miche huchipua humo humo, na kichwa kikishalemewa huinama hadi chini. Ichomoe taratibu, uipande penye kivuli chepesi, mboji na unyevu wa kutosha.

Wauza miche huita tangawizi hata kostasi, jamaa wa karibu lakini wa ukoo mwingine. Tazama majani. Mtangawizi huyapanga safu mbili, huku na huku. Kostasi huyazungusha kwenye shina kama ngazi ya mnara. Bado una shaka? Pondaponda jani ulinuse: la mtangawizi hutoa harufu ya viungo, la kostasi halinukii hivyo.