Fungu la Kumi Mbele ya Hakimu wa Kanisa

Katika karne ya 10 Mfalme Edgar wa Uingereza aliligeuza fungu la kumi kuwa deni lenye adhabu, na katika miaka ya 1070 William wa Kwanza akawakataza maaskofu kusikiliza mashauri ya kiroho katika mabaraza ya kiraia. Ndipo mahakama za kanisa ziliposimama peke yake. Historia ya mahakama hizo husimuliwa mara nyingi kama habari ya padri aliyemkamua mkulima. Mimi nashika kauli nyingine: kwa muda mrefu wagombanaji wakubwa walikuwa watu wa kanisa wenyewe, na mkulima, ambaye jasho lake ndilo lililogombaniwa, aliingia mahakamani zaidi kama shahidi kuliko kama mdaiwa.

Chanzo kilikuwa mgawanyo wa mazao. Nafaka na nyasi kavu zilikuwa haki ya mwenye parokia. Wana-kondoo, mayai na mazao ya bustani kwa kawaida vilimwendea kaimu wake, yule padri aliyebatiza watoto na kuzika wafu. Monasteri nyingi zilipewa parokia na wafadhili, zikawa ndizo mwenye parokia kisheria, zikasomba nafaka na kumwachia kaimu mabaki. Hali ilizidi hata Mtaguso wa Nne wa Laterano, mwaka 1215, ukaamuru makaimu wapewe riziki ya kuwatosha. Mtaguso huohuo uliwageukia Wasistersia. Watawa hao walisamehewa fungu la kumi kwa mashamba waliyolima wenyewe, na kila waliponunua shamba jipya parokia ya hapo ilipungukiwa. Sasa wakaamriwa kulipia ardhi watakayoipata baadaye. Kesi za karne ya 13 hazieleweki mtu akiisahau njaa ya padri wa kijijini.

Lililo zito zaidi kwangu ni namna haki ilivyothibitishwa. Shahidi alihojiwa peke yake, faraghani, na majibu yake yakaandikwa kwa Kilatini: una umri gani, umejuaje, uliona au ulisikia? Majalada ya mahakama ya York yaliyohifadhiwa tangu 1300 yamejaa maswali ya aina hiyo. Desturi iliyodaiwa dhidi ya kanisa ilihitaji kwa kawaida miaka 40 mfululizo, hivyo wazee wa kijiji wakawa nguzo ya shauri. Mchungaji wa kondoo asiyejua kusoma aliweza kuyumbisha dai la abate kwa kukumbuka ni ghala la nani lililopokea miganda ya shamba fulani alipokuwa kijana. Mahali pengine pachache katika enzi ile neno la mtu wa namna hiyo lilisikilizwa na kuandikwa kwa uangalifu kiasi hicho.

Mtu atasema hakimu alikuwa wa askofu, na askofu ni mwenye maslahi. Hoja hiyo ina nguvu. Mkaidi alitengwa na kanisa, na akipitisha siku 40 bila kutii, askofu aliweza kumwandikia mfalme ili akamatwe. Lakini mamlaka hayo yalikuwa na mipaka. Fungu lililogombaniwa likifikia robo ya thamani ya kanisa, mwenye haki ya kumteua paroko aliweza kuomba hati ya mfalme ya kuisimamisha kesi. Na mwaka 1371 Bunge likazuia madai ya fungu la kumi kwa miti mikubwa iliyofikisha miaka 20.

Pingamizi gumu ni la Richard Hunne, mfanyabiashara wa London. Mwaka 1511 alikataa kumpa padri nguo ya mwanawe mchanga aliyefariki, iliyodaiwa kama malipo ya maziko. Alishitakiwa katika mahakama ya kanisa mwaka uliofuata akashindwa, kisha naye akaenda kushitaki katika mahakama ya mfalme. Desemba 1514 alikutwa amekufa, ananing'inia katika gereza la askofu. Hapa mlei ndiye mdaiwa, peke yake, na kauli yangu haienei hadi kwake: kufikia karne ya 16 mahakama hizi zilikuwa zimewaelekea waumini kwa uzito ambao wazee wa York hawakuujua. Mwaka 1529 Bunge liliwasamehe malipo hayo ya maziko wenye mali ndogo, na wengine likawawekea viwango maalumu.