Vita Visivyo vya Wenyeji: Mwanadamu, Biashara na Kifo katika Vibonzo vya The Transformers, 1984–1991

Mwanzoni mwa miaka ya 1980 kampuni ya Marekani ya Hasbro ilikuwa na bidhaa isiyo na hadithi. Ilikuwa imepata kutoka kwa kampuni ya Takara ya Japani haki ya kuuza roboti wadogo wa kuchezea, wanaogeuzwa kuwa magari, ndege na bastola. Wengi wao walikuwa wa mkusanyo ulioitwa Diaclone, na humo roboti hakuwa kiumbe bali chombo: ndani yake alikaa rubani mdogo, mwanadamu, aliyekiendesha. Hasbro ilipoiendea kampuni ya Marvel Comics kutafuta kisa, rubani huyo aliondolewa. Jim Shooter, mhariri mkuu wa Marvel, aliandika muhtasari wa vita vya makundi mawili ya viumbe hai wa chuma kutoka sayari ya Cybertron, na tangu hapo mwanadamu akawa nje ya chombo, akitazama kwa hofu.

Badiliko hilo dogo la kibiashara ndilo chimbuko la suala linalochunguzwa hapa. Wanaokataa kuihesabu hadithi hii miongoni mwa kazi za fasihi hudai kwamba ni tangazo refu la biashara, na dai lao lina ukweli ambao hauna haja ya kufichwa. Kinachosahaulika ni kwamba masharti ya biashara yaliwalazimisha waandishi kukabili maswali ambayo hadithi za mashujaa kwa kawaida huyakwepa: nani hulipa gharama ya vita vya wageni, na kifo kina maana gani pale anayeamua nani afe ni muuzaji?

Wahusika walitangulia msuko. Denny O'Neil alimpa kiongozi wa Autobots jina la Optimus Prime, na Bob Budiansky akawapa majina wengi wa waliobaki, pamoja na wasifu mfupi wa kila mmoja. Mwanafunzi wa fasihi ya Kiswahili ataitambua mara moja mbinu ya majazi. Jina la Decepticons limebeba udanganyifu ndani yake, kana kwamba jeshi zima lilikubali kujiita waongo hata kabla ya kusema uongo wa kwanza. Kwa kipimo cha kawaida cha uhakiki, hawa ni wahusika bapa. Toleo la kwanza, lenye tarehe ya Septemba 1984, linawaeleza kwa haraka: merikebu yao ilianguka katika mlima wa volkano huko Oregon miaka milioni nne iliyopita, na mlipuko wa mwaka 1984 ukawaamsha. Mfululizo ulipangiwa matoleo manne tu.

Katika matoleo hayo manne, mhusika mwenye uzito zaidi si roboti. Ni Sparkplug Witwicky, fundi wa gereji, ambaye Decepticons wanamteka ili awatengenezee mafuta wanayoweza kuyatumia. Sparkplug aliwahi kuwa mateka katika vita vya Korea, na kumbukumbu ya kufanya kazi chini ya adui inamrudia. Anafanya anachoagizwa. Baadaye inabainika kwamba aliyatia mafuta hayo sumu. Decepticons wanaanguka wakiwa wamekwisha kuwashinda Autobots, na vita vinaamuliwa na mzee wa gereji badala ya jemadari. Lakini ukurasa wa mwisho unaupokonya ushindi huo: Shockwave anatokea na kuwaangusha Autobots wote kwa mkupuo mmoja. Ni mwisho mkali mno kwa kazi iliyolenga watoto, na inaelekea ukali huo ulichangia kuufanya mfululizo uonekane unastahili kuendelea.

Budiansky alishika kalamu kuanzia toleo la 5, akaandika karibu yote hadi la 55. Mchango wake mkubwa ni kuitazama vita kutoka chini. Josie Beller, mtaalamu wa kompyuta, anapoozwa na shambulio la Shockwave dhidi ya mtambo wa mafuta wa mwajiri wake. Anajitengenezea vazi la saketi za umeme linalomwezesha kusimama tena, anajiita Circuit Breaker, na kuanza kuwawinda roboti. Hawabagui. Autobots wanajieleza kwake kwamba wao ni walinzi wa wanadamu, naye hasikii. Msomaji anajua kwamba amekosea, kwa sababu majina yamekwisha kumwambia nani mwema na nani mbaya. Hata hivyo ni vigumu kumlaumu: kwa aliyevunjwa mwili na vita asivyovijua chanzo chake, tofauti ya pande mbili ni habari ya wenyewe.

Mwaka 1986 Budiansky alikwenda mbali zaidi. Serikali katika hadithi inaogopa umma utashikwa na fadhaa ukijua kwamba roboti ni wageni kutoka anga za juu. Inamwajiri Donny Finkleberg, mwandishi wa vibonzo asiye na fedha, ajitokeze kwenye televisheni kwa jina la Robot-Master na kudai kwamba yeye ndiye anayewaendesha. Rubani aliyeondolewa anarudi, safari hii kama uongo wa dola. Ni kejeli ya hali ya juu. Mwandishi aliyelipwa kuvipa vitu vya kuchezea maisha anambuni mwandishi aliyelipwa kuyakana maisha hayo.

Suala la kifo ni gumu zaidi. Kila mwaka Hasbro ilileta roboti wapya madukani, nao walipaswa kuingia katika hadithi, huku waliokwisha kuondolewa sokoni wakipisha. Katika toleo la 24, la Januari 1987, Optimus Prime na Megatron wanapambana ndani ya mchezo wa kompyuta kwa makubaliano kwamba atakayeshindwa ataangamizwa. Optimus anashinda, lakini kwa kitendo kilichowaangamiza viumbe wasio na hatia wa ulimwengu ule wa kubuni. Anajihesabu mshindwa, anaomba alipuliwe, na analipuliwa. Wapo wanaokicheka kisa hiki, na ni kweli kwamba sababu yake ni nyembamba. Lakini tazama kilichofanyika: amri ya kumwondoa mhusika ilitoka nje ya hadithi, na mwandishi akaigeuza kuwa uamuzi wa kimaadili wa mhusika mwenyewe, tena kwa ajili ya viumbe ambao si halisi. Mhusika wa kubuni anakataa kuamini kwamba uhai wa kubuni hauna thamani. Katika toleo la 50, la mwaka 1989, hakuna tena jitihada ya namna hiyo. Starscream anapata nguvu kubwa na kuwafagia wahusika wengi kwa pamoja, na harufu ya orodha ya bidhaa zilizoisha inasikika.

Simon Furman, aliyerithi kazi kuanzia toleo la 56, alitoka Uingereza. Huko Marvel UK ilikuwa ikichapisha jarida la kila wiki, na kwa kuwa hadithi za Marekani zilitoka mara moja tu kwa mwezi, nafasi ilijazwa kwa hadithi za nyumbani, nyingi zikiwa zake. Furman aliwapa roboti mungu muumba, Primus, na hasimu wake Unicron. Vita vikapanda kutoka gereji hadi mbinguni. Utanzu ukasogea karibu na tendi, wenye faida zake zote za ukubwa na taharuki, ila watu kama Sparkplug wakapungua. Jarida la Uingereza lilifika toleo la 332 mwezi Januari 1992. La Marekani lilikuwa limekwisha funga mwezi Julai 1991, na kwenye jalada lake la mwisho wahariri walilitaja kuwa toleo la 80 katika mfululizo wa matoleo manne.