Komkya, Gazeti la Wachagga

Wasikilizaji wetu, na ninyi mtakaokisoma kijitabu hiki nyumbani au darasani, leo twataka kuwasimulia habari za gazeti lililotolewa Moshi, chini ya mlima Kilimanjaro, tangu mwaka 1953 hata mwaka 1961. Jina lake Komkya. Neno hili ni la Kichagga, na maana yake ni kumekucha. Lakini mtu aliyelifunua gazeti lenyewe alikuta ndani yake Kiswahili. Jina Kichagga, maneno Kiswahili: pengine msikilizaji wa mbali atauliza kwa nini Baraza la Wachagga, lililokuwa mwenye gazeti, halikuwaandikia watu wake kwa lugha ya mama zao.

Jibu lake walijua wenyeji. Kichagga si kimoja. Maneno ya Machame siyo ya Rombo, na mtu wa Useri akisema upesi, mtu wa Kibosho humwomba arudie. Wamisionari wa Kilutheri walipochapisha vitabu vya dini kwa Kichagga walilazimika kuchagua, hiki kwa lugha ya Moshi, hiki kwa lugha ya Machame, na kila kitabu kikawa cha watu wa upande mmoja. Basi Baraza lililotaka kusema na mlima mzima kwa siku moja lilikuwa na njia moja tu, nayo ni Kiswahili cha shuleni. Tena watu walikuwa wamekwisha kukizoea katika magazeti. Tangu Januari 1923 Serikali ya Tanganyika ilikuwa ikitoa Mambo Leo, gazeti la kila mwezi, na gazeti hilo lilipanda mlimani kwa mikono ya walimu na makarani. Mwenye kujua kusoma aliwasomea wasiojua, kibarazani au penye pombe ya mbege, na nakala moja ikatosha watu wengi.

Hata hivyo Mambo Leo lilikuwa gazeti la Serikali. Lilileta mafunzo ya kilimo, mashairi, habari za miji na habari za ulimwengu, lakini halikuwa mahali pa kushindana juu ya utawala. Mwafrika wa kwanza kujaribu njia nyingine katika Tanganyika alikuwa Erica Fiah, mtu wa asili ya Uganda aliyefanya biashara Dar es Salaam. Mwaka 1937 alianzisha Kwetu, gazeti lake mwenyewe. Tunalitaja kwa sababu tangu siku hizo swali lilikwisha kuwapo, yaani, gazeti ni kinywa cha nani?

Sasa turudi mlimani, maana Komkya halikuzaliwa na hamu ya kusoma tu, bali lilizaliwa na siasa.

Wachagga walikuwa na kahawa. Mwaka 1925 walianzisha chama chao cha wakulima, na mwaka 1933 mahali pake pakaingia chama cha ushirika, KNCU, kilichouza kahawa ya kihamba hata cha mtu mdogo. Mwenye fedha yake mwenyewe huanza kuuliza inakokwenda kodi. Lakini utawala ulikuwa bado umegawanyika kwa umangi, kila mangi na nchi yake, hata mwaka 1946 Serikali ikaweka wakubwa watatu juu yao, nao waliitwa waitori, mmoja wa Hai, mmoja wa Vunjo, mmoja wa Rombo. Watu wengi hawakupendezwa. Waliona kuwa wamewekewa wakubwa pasipo kuulizwa. Mwaka 1949 kikaundwa chama cha raia wa Kichagga, ambacho Petro Njau alikuwa mmoja wa viongozi wake, nacho kikadai Mangi Mkuu mmoja atakayechaguliwa na watu. Mwaka 1951 watu wakapiga kura, wakamchagua Thomas Marealle wa Marangu, kijana aliyesoma Uingereza. Akatawazwa Januari 1952.

Mwaka uliofuata Komkya likatoka. Twaona, basi, kwamba lilikuja pamoja na ule utawala mpya, kama vile bendera ya Wachagga na sikukuu yao ya tarehe 10 Novemba. Mangi Mkuu alitaka watu wa Siha na watu wa Rombo wajione kuwa ni taifa moja. Serikali nayo ilipenda magazeti ya namna hii yawepo wilayani, maana ilitumaini kwamba watu wakishughulika na mambo ya baraza lao hawatavutwa sana na maneno ya Dar es Salaam.

Lakini gazeti si barua ya mkubwa kwa watu wake. Ndani ya Komkya zilichapwa pia barua za wasomaji, na hapo ndipo tungependa kukaa kidogo. Zamani mtu mwenye neno juu ya utawala alikwenda kwa mangi wake. Alisimama mbele ya wazee, nao walimjua baba yake na babu yake, na kihamba chake kilikuwa mikononi mwa huyo huyo aliyetaka kumlalamikia. Kwa hiyo alipima sana maneno yake. Katika gazeti, mtu wa Mwika aliweza kumjibu mtu wa Kibosho wasiyepata kuonana hata siku moja, na watu wa Machame wakasoma wakahukumu wenyewe nani ana haki. Mambo yaliyojadiliwa yalikuwa makubwa: ustaarabu ni nini, uhuru ni nini, demokrasia ni kitu gani, na je, umangi na demokrasia vyaweza kukaa nyumba moja? Walioyaandika walikuwa watu waliopita katika shule za misheni kama sisi, na yafaa tukiri kwamba sauti ya mama mwenye kubeba ndizi sokoni haikusikika humo kama sauti ya karani.

Mnajua mfongo, ule mfereji uletao maji kutoka juu mpaka vihambani. Wenye mfongo wana zamu zao, na aliye juu aweza kuuziba. Gazeti la Baraza lilikuwa hivyo. Mwenye mdomo wa mfongo alikuwa Baraza, na mkuu wa Baraza alikuwa Mangi Mkuu. Maadamu watu wote walikuwa upande mmoja, maji yalipita. Ila siku zikaja ambazo hawakuwa upande mmoja.

Julai 1954 chama cha TANU kilizaliwa Dar es Salaam, na siasa ya nchi nzima ikaanza kupanda mlima. Magazeti mengine yakatoka, yasiyokuwa na baraza la kuyalinda. Mwafrika lilianza mwaka 1957, na mwaka 1958 wahariri wake wawili, Robert Makange na Kheri Rashid Baghdelleh, walifungwa kwa kosa la uchochezi. Mwaka ule ule Julius Nyerere alishtakiwa kwa maneno yaliyochapwa katika Sauti ya TANU, akatozwa faini ya shilingi 3,000. Gazeti la Baraza halikuwa katika hatari ya namna hiyo, lakini usalama huo ulikuwa na bei yake, maana mhariri anayekula mkate wa Baraza ataandikaje siku Baraza lenyewe litakaposhtakiwa na watu?

Siku hiyo ilifika. Watu walioona kwamba cheo cha Mangi Mkuu kimekuwa kama ufalme walikusanyika, na mmoja wa viongozi wao alikuwa mwalimu Solomon Eliufoo, aliyekuwa amechaguliwa mwaka 1958 kuingia katika Baraza la Kutunga Sheria. Walitaka mkuu atakayechaguliwa kwa muda, aitwe Rais, wala si Mangi Mkuu wa maisha. Februari 1960 Wachagga wakapiga kura tena, wakakataa Mangi Mkuu wa maisha. Marealle akaondoka katika kiti, na Eliufoo akawa Rais wa Baraza.

Hatusemi kwamba gazeti ndilo lililomwangusha. Kodi, ardhi na fitina za ukoo zilikuwa na sehemu yao, na TANU pia. Lakini kwa maoni yetu watu waliokaa miaka saba wakisoma na kuandika juu ya neno demokrasia walikuwa wamekwisha kulipima kwa mizani yao wenyewe, na hawakuona sababu ya kulitumia kwa Gavana tu na kuliacha kwa Mangi Mkuu.

Komkya likabaki mali ya Baraza, chini ya mkuu mpya, na mwaka 1961 likakoma. Mwezi wa Desemba mwaka huo Tanganyika ilipata uhuru, na gazeti la TANU lenye jina hilo hilo, Uhuru, likaanza kutoka Dar es Salaam. Mwaka 1963 umangi wenyewe ukafutwa katika nchi nzima. Na gazeti hilo la pwani, nalo pia lilikuwa na mwenyewe.