Mfumo Unaochukuliwa Mfukoni

Mashamba makubwa ya walowezi katika nchi ya Borabu, upande wa Nyansiongo, yalipokatwa vipande katika miaka ya 1960 ili familia za Wakisii zipate ardhi, kazi ya kwanza ilikuwa kupima mipaka. Bila mpaka, mkulima hakuweza kujua ni wapi jasho lake litakapobaki salama. Historia ya kompyuta nayo yatufundisha jambo kama hilo.

Mwaka 1991, Linus Torvalds, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki katika Finland, alitoa kiini cha mfumo uitwao Linux. Baadaye kila mtu aliruhusiwa kuutumia, kuuchunguza na kuugeuza. Mwaka 2000, Klaus Knopper wa Ujerumani alitoa Knoppix, Linux iliyowashwa kutoka sahani ya CD pasipo kugusa diski ya ndani. Lakini sahani ile haikuandikika. Kompyuta ilipozimwa, kazi yote ilitoweka, isipokuwa ile iliyohifadhiwa penginepo.

Dawa ilipatikana kwa flashi, zilizoanza kuuzwa mwaka 2000 uo huo. Kwa kuwa flashi yaandikika, yaweza kugawanywa sehemu mbili. Sehemu ya kwanza hubeba mfumo wenyewe, nao husomwa tu. Ya pili hutunza kila badiliko. Katika Debian, sehemu ya pili hupewa jina “persistence”, na ndani yake huwekwa faili iitwayo persistence.conf yenye maneno “/ union”. Mtumiaji akiwasha kompyuta na kuitaka hifadhi hiyo, mabadiliko yake hutandazwa juu ya mfumo, mfano wa karatasi nyembamba juu ya ramani: ramani haiguswi, na michoro haipotei.

Hata hivyo, hapana budi kuwa mwangalifu. Mfumo unapoandikwa juu ya flashi, vyote vilivyokuwamo hufutika. Na aichaguaye diski isiyo yake hufuta kazi ya mwenziwe. Yafaa kwanza kusoma jina na ukubwa wa diski, kisha kuweka nakala mahali pengine, kwani flashi nayo hupotea na kuharibika.

Basi, pale wanafunzi wengi wanapotumia kompyuta moja, kila mmoja aweza kuwa na mfumo wake na kazi yake mfukoni. Asiye na kompyuta yake mwenyewe si lazima aanze upya kila siku.