Kutoka Praha hata Mbozi

Jioni ya leo twaanza na swali dogo. Mtoto wa shule akilisoma neno "Moravian" mlangoni pa kanisa na kuuliza maana yake, wengi wetu tutamjibu kwamba ni jina la dhehebu. Jibu hilo si la uongo, ila ni fupi mno. Moravia ni nchi. Iko katikati ya Ulaya, jirani ya nchi ya Bohemia, na leo zote mbili zimo katika Jamhuri ya Cheki, mbali na bahari kama tulivyo mbali nayo sisi wa Songwe. Basi jina la nchi ile lilifikaje kwetu? Habari yake ina moto, ina vitabu vilivyofichwa, na ina nyimbo.

Karne ya 15 ilipoanza, katika mji wa Praha, mji mkuu wa Bohemia, palikuwa na padre jina lake Jan Hus. Siku zile ibada ilisomwa kwa Kilatini, lugha ya wasomi, na mkulima alisimama akisikiliza maneno asiyoyajua. Tangu mwaka 1402 Hus alihubiri kwa Kicheki katika kanisa liitwalo Bethlehemu, nao watu wakafurika. Tena yeye ndiye asemekanaye kuyatengeneza maandishi ya Kicheki, kwa kutia alama ndogo juu ya herufi za Kilatini, ili kila sauti ipate herufi yake. Jambo hilo laweza kuonekana dogo. Twaomba mlikumbuke, maana tutalirudia tutakapofika Mbozi.

Hus aliwalaumu wakuu wa kanisa kwa ufisadi, na kwa kuuza hati za rehema, zilizosemwa kwamba huondoa adhabu ya dhambi. Akaitwa mbele ya mkutano mkuu wa kanisa katika mji wa Konstanz, naye akaenda akiwa na barua ya mfalme Sigismund ya kumpa salama. Barua ile haikumfaa kitu. Tarehe 6 Julai 1415 alichomwa moto, na majivu yake yakatupwa katika mto Rhine. Ilipita miaka 584 kabla ya Papa Yohane Paulo wa Pili, Desemba 1999, kutamka majuto yake kwa kifo kile.

Katika karne hiyohiyo, huko Italia, wasomi na mafundi walishikwa na hamu ya kurudia asili ya mambo. Wasomi walitafuta vitabu vya kale vya Kiyunani na Kilatini. Wachoraji waliuchungua mwili wa mtu, na mwanga, na kivuli, hata watu wa pichani wakaonekana kama wasimamao mbele ya mtazamaji. Huo ndio mwamko wa elimu na sanaa. Tena kule Mainz, Ujerumani, Johannes Gutenberg alitumia herufi za madini kupiga chapa Biblia ya Kilatini, akaimaliza karibu na mwaka 1455. Tangu hapo neno halikuweza tena kufungiwa ndani kwa urahisi. Mwaka 1516 mwanachuoni Erasmus wa Rotterdam akatoa Agano Jipya kwa Kiyunani, lugha lililoandikwa kwanza, na kila msomi akaweza kuipima tafsiri ya Kilatini kwa asili yake.

Lakini sanaa hutaka fedha. Mwaka 1506 Papa alianza kulijenga upya kanisa la Mtakatifu Petro huko Roma, na miaka miwili baadaye Michelangelo akaanza kuchora dari ya kanisa dogo la Sistina, kazi iliyomchukua hata mwaka 1512. Kulipia ujenzi wa Mtakatifu Petro, hati za rehema ziliuzwa tena Ujerumani, na hilo ndilo lililomfanya Martin Luther aandike hoja zake 95 mwaka 1517. Wengine walisema basi picha zote ziondoke. Mjini Zürich waliziondoa makanisani mwaka 1524. Sisi twaona hao walipita kiasi: kosa lilikuwa katika biashara, si katika rangi. Luther hakuwafuata. Agano Jipya lake la Kijerumani, lililotoka Septemba 1522, lilikuwa na picha kutoka karakana ya mchoraji Lucas Cranach, nalo likanunuliwa hata Desemba ikabidi lichapwe tena.

Turudi Bohemia. Mwaka 1457 baadhi ya wafuasi wa Hus walijitenga kijijini Kunvald, wakajiita Umoja wa Ndugu. Mwaka 1501 kitabu cha nyimbo zao kwa Kicheki kilikwisha kupigwa chapa, zaidi ya miaka 20 kabla ya vitabu vya nyimbo vya Luther. Katikati yao alitokea Jan Blahoslav, ambaye twaona amenyimwa sifa yake shuleni kwetu. Mwaka 1558 aliandika kitabu cha elimu ya muziki kwa Kicheki, akiwafundisha Ndugu kuimba vema. Mwaka 1564 akatoa Agano Jipya alilolifasiri kutoka Kiyunani. Akatunga na sarufi ya lugha yake. Ndani ya mtu huyu mmoja mwamko wa elimu na matengenezo ya kanisa havikugombana. Wenzake waliendeleza kazi hiyo, na kuanzia mwaka 1579 wakapiga chapa Biblia nzima, vitabu sita, kijijini Kralice katika Moravia.

Mwaka 1620 watu wa Bohemia walishindwa vitani karibu na Praha, na Umoja wa Ndugu ukapigwa marufuku. Waliobaki walificha Biblia zao. Wengine walihama, miongoni mwao mwalimu Comenius, askofu wa Ndugu, ambaye mwaka 1658 alitoa kitabu mashuhuri cha shule chenye picha. Miaka 102 baada ya vita ile, mwaka 1722, jamaa chache zilitoroka Moravia wakajenga Herrnhut katika shamba la Bwana Zinzendorf, huko Saxony. Kutoka huko wajumbe walitumwa duniani tangu mwaka 1732, wa kwanza wakienda kwa watumwa wa kisiwa cha St. Thomas. Mwaka 1891 walifika Rungwe, na mwaka 1899 Traugott Bachmann akafungua kituo Mbozi.

Hapa ndipo alama za Hus zirudipo. Bachmann hakuja na maneno ya Kinyiha mfukoni. Wanyiha ndio waliomfundisha, naye hakuwa na budi kuitafutia kila sauti yao herufi yake. Mwaka 1913 Agano Jipya la Kinyiha lilitoka chapani. Lugha ya mashauri na hadithi za jioni ikawa na kitabu, kama Kicheki cha wakulima wa Praha.

Mwaka uliofuata vita kuu ikaanza, na wamisionari Wajerumani wakaondolewa. Ng'ambo ya Tunduma, katika nchi iitwayo leo Zambia, Waskoti wa misheni ya Livingstonia walikuwa na kituo Mwenzo kwa Wanyamwanga. Kanisa lao lilitokana na matengenezo ya John Knox ya mwaka 1560. Baada ya vita, misheni hiyo ilipewa uangalizi wa makanisa ya Wamoravian hata Wajerumani waliporudi katika miaka ya 1920. Katikati ya kuondoka kwa hawa na kuja kwa wale, waliosoma kitabu cha mwaka 1913 mbele ya watu walikuwa walimu Wanyiha wenyewe.